Upupu wa Darajani

Mama alisimama katikati ya daraja jipya akiwaonyesha jirani zake fito za kijivu.

"Hizi kazitengeneza mwanangu Sijaona, kiwandani kwao Kibiti. Haziozi, na mikoko yetu imesalimika."

Sijaona alitabasamu. Kisha mama akaanza kujikuna kiganja.

"Upupu huu nimeugusa wapi mie?"

Sijaona aliushika mkono ule, akaugeuzia juani. Vinyoya vyeupe, vyembamba kuliko nywele, vilimeremeta ndani ya ngozi. Zilikuwa nyuzi za kioo, zile zinazogandishwa kwa gundi kuwa fito, na nyuzi hazichomozi kwenye ufito ulioshiba gundi.

Siku ya kutengeneza fito hizi, gundi ilipungua kwenye beseni, naye alichelewa kuona. Mashine huvuta nyuzi bila kupumzika. Ukiisimamisha, gundi hugandia ndani ya kalibu ya moto inayozipa fito umbo, na kiwanda kizima kinalala. Msimamizi alikuwa ameenda kuswali. Sijaona alijaza beseni huku mashine ikivuta, na fito zilizotoka kavu akazichanganya na nzima. Siku ile kwa macho zilifanana, ila kavu hazihimili uzito.

Aliinama. Fito walizozikanyaga sasa zilikuwa na michirizi myeupe, na chini yake maji yalikuwa yamejaa.

"Ni upupu tu, mama. Twende ukanawe."

"Tangu lini upupu ukaota mikokoni?"

Sijaona aliinua macho. Ng'ambo, watoto walikuwa wametoka madrasa, wamesongamana kwenye mdomo wa daraja wakisubiri wakubwa wapishe.

Mama akainua mkono wake unaowasha, akawapungia wapite.