Dai la Sauti ya Mama

Siku hizi bima hulipa tu kile ambacho kichwa cha mteja kimeshasahau. Simu ya Tumpe iliibwa sokoni Tukuyu ikiwa na sauti iliyorekodiwa ya marehemu mama yake, na dai lake likakataliwa. Akaenda ofisi ya bima kubishana.

"Mama, kipimo cha kumbukumbu kinaonyesha bado unaikumbuka sauti yake," alisema karani. "Hujapoteza kitu."

"Kwa hiyo nikipasue kichwa, mwanangu amsikie bibi yake?"

"Basi tupime tena."

Tumpe akavaa kofia ya waya, akafumba macho. Mama yake alikuwa palepale jikoni, moshi machoni, akimenya ndizi, akigeuka kumwita aje kula. Midomo ilifunguka, kimya.

Karani akatabasamu. "Hongera, mama. Dai limekubaliwa."