Mama Naye Anatosha

Mwenyekiti wa tume ya katiba alibonyeza kitufe, kipaza sauti kikazimika mbele ya dada yangu.

"Muda umekwisha, mama. Tutayazingatia."

Neno hilo nimelisikia kwa tume tatu, na katiba ikabaki ileile. Niliinuka nikiwa nimeshajaza mapafu nipige kelele.

Dada hakuondoka. Yeye ni mpishi wa shule, sauti yake haivuki sufuria mbili. Aliendelea hivyohivyo, vidole vimekamata kiti cha mbele mpaka vikapauka.

"Wanangu nimewazaa hapahapa. Kwa kuwa baba yao ni mgeni, nao wanaitwa wageni. Andikeni kwamba mama naye anatosha."

Nyuma hawakusikia kitu. Ndipo fundi viatu, aliyekalia kiti kile, akageuka akawarudishia maneno ya dada, moja moja. Safu ya pili ikayapokea, ikayasukuma kwa ya tatu. Wauguzi, wauza mkaa, hata jirani anayeniita Chura kwa kelele zangu: mama naye anatosha.

"Kaa, Chura," jirani aliniambia. "Leo tupo wengi."

Nikakaa. Maisha yangu yote nimechukia kunyamazishwa, lakini jirani yule, Mungu amzidishie.

Mwenyekiti alimgeukia karani. "Umeandika?"

"Bado, mheshimiwa."

"Andika."

Karani akainua kalamu. "Niseme ni maoni ya nani?"

Dada akafungua mdomo ajitaje, lakini viti vya ukumbi mzima vilishaanza kukwaruza sakafu, watu wakisimama naye.