Herode wa Iyula

Osea aliung'oa mti wa mnyaa uliotia mpaka, akapanda mwingine hatua thelathini mbele, ndani kabisa ya kahawa ya mjane. Mnyaa wenyewe ulikuwa fimbo ya mwalimu, na kahawa ilikuwa mabenchi ya kanisa yaliyosogezwa ukutani. Watu wakapiga makofi.

Hezron, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka kwa pua.

"Mwizi wa namna hii angekamatwa kabla uji haujapoa," alimnong'oneza jirani yake.

Usaili ulikuwa wa nafasi moja tu: shemeji mwovu anayemnyang'anya mjane shamba. Shirika moja la kutetea wajane lilitaka kikundi cha maigizo kutoka Iyula, kizunguke Mlowo na Vwawa hadi sokoni Tunduma. Hezron aliitaka nafasi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwa miaka tisa alikuwa Herode wa kwaya kila Krismasi, na watoto walimkimbia njiani mpaka Pasaka. Ya pili ilikuwa Ketrina.

Ketrina alikuwa mjane wa kaka yake. Mwaka uliopita alimburuza Hezron kwenye baraza la kata, mbele ya watu anaokula nao na kuimba nao, akamwita mwizi wa shamba lake. Alikuja amebeba mdomo wa chungu kilichovunjika. Wazee wa pale, wakipanda mpaka, walivunja chungu, wakafukia vigae na makaa chini ya kila mnyaa. Mdomo wa chungu ulibaki nyumbani kwa mwenye shamba, uje kulinganishwa na vigae siku ya ugomvi. Mti hung'oka, walisema, makaa hayaozi. Baraza likachimba pale Ketrina alipoonyesha. Hawakukuta hata kigae kimoja. Hezron aliapa kwamba hajawahi kuviona, akashinda, lakini jina la mwizi lilikuwa limeshamganda.

Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta namna ya kumlipa. Sasa ameipata. Angeucheza uovu mpaka watu washike mbavu, na kilio cha Ketrina kigeuke kichekesho kutoka Iyula hadi mpakani. Na utamu wenyewe, aliyekuwa akiigiza mjane ni Ketrina.

Kasiani, mwalimu wa kikundi, akamwita. Alieleza tena kwamba mchezo haujaandikwa: yeye anatoa kisa, maneno kila mtu anayatoa tumboni mwake, na yatakayochoma ndiyo yatakayobaki. Kando yake aliketi mama mwenye miwani na daftari. Walikuwa wametambulishwa kwake asubuhi: Mama Loisi, mgeni kutoka wilayani. Hezron akamwinamia kuliko alivyomwinamia Kasiani. Mfadhili, alijiambia, hahitaji kibao kifuani.

Akaanza. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono, polepole, akigeuza shingo kila mara kama mbwa aliyeiba mfupa. Hakuung'oa mti tu kama Osea. Alishuka shimoni hadi kiwiko, akaokota vigae na makaa, kimoja kimoja, akapuliza udongo, akatia kikapuni.

Ketrina akaingia, kanga kichwani, hana haraka.

"Shemeji, unaokota nini kwangu?"

"Mbegu za viazi."

Watu wakacheka.

"Mbona nyeusi?"

"Zimefanana na bahati yako."

Wakacheka zaidi. Ketrina akawageukia watu. Akasema marehemu mume wake alikuwa na akili, ila huyu mdogo wake hata wizi unamshinda. Atavitupa vigae mtoni, mvua ivirudishe, watoto wavichezee. "Hajaanza leo. Kaka yake alimfunga mkanda wa suruali mpaka akaota ndevu."

Kicheko kikahama upande. Cha Osea kilisikika kuliko vyote, na Hezron akahisi masikio yakiwaka. Angeweza kujibu lolote. Lakini kila uongo uliomjia ulikuwa mwembamba, na ukweli ulikuwa umenona, una harufu, unachekesha. Tena maneno ya jukwaani hayana kesi. Herode ameua watoto miaka tisa, hakuna mgambo aliyemfuata.

"Mtoni?" akasema. "Mtoni wanatupa wajinga. Nimevifukia ndani ya banda la nguruwe wangu, pale pale anapolala jike, dhiraa moja kwenda chini. Ukivitaka, shemeji, piga hodi. Naye ana watoto, mtaelewana."

Ukumbi ulilipuka. Osea mwenyewe aligonga benchi kwa ngumi. Ketrina peke yake hakucheka. Aliufunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, akatoka nje. Hezron akamsindikiza kwa macho, na mwaka mzima wa uchungu ukamshuka tumboni kama asali.

Kasiani akatangaza kwamba nafasi imempata mwenyewe. Hezron, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mgeni kushukuru, akauliza kama onyesho la kwanza litakuwa Mlowo au Vwawa.

Mama Loisi alimalizia kuandika, akapiga mstari, akafunga daftari. Kwenye jalada palikuwa na muhuri wa baraza la ardhi la wilaya. Mlangoni Ketrina alikuwa akingoja, macho makavu, jembe begani, mdomo wa chungu mkononi.

"La kwanza ni sasa hivi, nyumbani kwako," alisema Mama Loisi. "Twende, ukahamishe nguruwe."