Nguzo ya Tatu

"Usikae hapo, patavuja," Babu alisema, na mbingu haikuwa na wingu hata moja.

Bibi alisogea. Alikuwa amechoka kubishana. Wiki nzima mumewe alitafuta sababu ya kutokuja: mara goti, mara kifua, mara kuku hawana wa kuwafungia. Na tangu washuke kwenye basi la mashabiki alikuwa ameivuta kofia hadi kwenye nyusi, kama mtu aliyeiba sufuria. Katika mji huu aliwahi kuishi ujanani, kabla hawajaoana.

"Kuna mwanamke unamkwepa hapa?" Bibi aliuliza.

"Mwanamke gani tena, mama? Kaa tuangalie mpira."

Walikuja kumwona mjukuu wao. Wenzake walimwita Sumaku, naye alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya daraja la tatu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuanza mechi. Mama yake, binti yao muuguzi, alikuwa zamu hospitalini. Asubuhi alipiga simu: "Mama, niangalizie. Usije ukaniambia wameshinda au wameshindwa, basi. Nataka kujua kila alichofanya." Bibi aliahidi. Ndani ya basi alifuta miwani mara mbili.

Lakini uwanja wenyewe! Wageni waliingizwa kwa mlango wa nyuma, kando ya matangi ya maji, mmojammoja, tena kwa ubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba. Mama wa beki, mwenye mwili wake, alikwama mpaka akasukumwa. Choo kilikuwa na kufuli, na ufunguo uko upande wa wenyeji. Mbao za kukalia ziliinamia mbele, ikabidi kila mtu akaze miguu asiteleze. Na nguzo sasa. Banda lote la wageni, safu nne tu, lilikuwa na nguzo tatu za zege. Mbili nyembamba, za pembeni. Ya tatu, nene kama pipa, ilisimama sawasawa kati ya banda na goli la karibu.

Kipindi cha kwanza Sumaku alikuwa goli la mbali. Bibi aliona kitu cha njano kikirukaruka, kidogo kama kifaranga.

"Si neno," alijiambia. "Kipindi cha pili atakuja huku."

Akaja. Alikimbia akipunga mkono, akaingia golini, akapotea nyuma ya nguzo.

Bibi alisogea kushoto, nguzo ikasogea naye. Akaenda kulia, ikamfuata. Akashuka hadi kwenye uzio.

"Mama, kaa chini," mlinzi alimwambia.

"Nikae nione nini? Zege?"

"Wageni wote wanakaa, mama."

"Na aliyejenga hapa, alikuwa na macho?"

Mlinzi aliinua mabega. Upande wa pili wenyeji walianza kuimba, kwa sauti ya watu waliouzoea wimbo wao: "Wageni! Nguzo haijambo?"

Mvua ikaja, ya dakika kumi. Maji yalidondoka palepale ambapo Bibi alitaka kukaa, yakamlowesha mama wa beki. Bibi alimtupia mumewe jicho la fahari kidogo. Babu alikuwa amejenga nyumba za watu miaka arobaini. Paa analisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Hebu wewe fundi niambie. Mtu mwenye akili zake anaweka nguzo pale kwa nini?"

Babu alisafisha koo. "Huenda paa lilikuwa zito."

"Bati sita hizi?"

Babu akairekebisha kofia.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, wageni wakiongoza bao moja, mpira ulimgonga beki mkononi. Penalti. Mama wa beki alijifunika uso kwa kitenge. Bibi alipanda juu ya ubao, akashika bega la Babu. Alimwona mpigaji akiutenga mpira. Alimwona akirudi nyuma hatua nne, akikimbia, akipiga. Mpira ukaingia nyuma ya nguzo.

Bibi akarefusha shingo.

Kisha, upande wa kushoto wa nguzo, ikachomoza glovu moja ya njano, vidole vimetanuka. Ikarudi.

Wenyeji wakashika vichwa. Hapo ndipo wageni walipojua washangilie.

Bibi hakushangilia. Alishuka, akakaa, mikono mapajani. "Mtoto nimemlea tangu ananyonya," alisema. "Leo nimeona glovu."

Filimbi ya mwisho ilipolia, simu nayo ikalia.

"Mama! Wananiambia kaokoa penalti! Aliruka upande gani? Aliudaka au aliupangua? Hebu niambie, mama, niambie polepole!"

Babu alikuwa tayari anateremka, goti limepona ghafla. Bibi alimfuata na simu sikioni, binti akiita, "Mama? Mama, unanisikia?"

Kwenye ule mlango mwembamba alisimama mzee mtunza uwanja na funguo zake. Aliinama, akachungulia chini ya kofia ya Babu.

"Fundi! Ni wewe? Jamani, fundi wetu!" Alimkumbatia, funguo zikalia. Akamgeukia Bibi. "Shemeji, karibu sana. Huyu enzi zake hakuna shabiki aliyemfikia hapa. Kamati ilimwambia nguzo mbili zinatosha. Ya tatu alituzawadia mwenyewe, saruji yake, kokoto zake, Jumapili mbili nzima. Akasema mgeni mlango tutamfungulia, lakini goli asilione."

Bibi alimtazama mumewe. Kisha akamnyooshea simu.

"Haya," alisema. "Mweleze mwanao."