Sifa za Wepukhulu

Picha ya ishirini na tatu tangu asubuhi, na saa sita haijafika. Levi aliipitisha kwa kidole gumba, midomo ameibetua. Bungoma nzima leo ilikuwa imeweka picha ya Wepukhulu kwa Facebook, na chini ya kila picha maneno matamu hadi yanakera.

"Wewe ni zawadi kwa kwaya yetu," alikuwa ameandika Nelima, mwanamke ambaye hata salamu alimnyima mtu huyo. Nyongesa, aliyempita njiani kama kisiki, aliandika aya tatu. Na aliyeanzisha yote ni Sellah, mke wa Wepukhulu: "Mwenye neno zuri juu ya mume wangu aliandike leo." Kwenye picha amevaa gauni la manjano. Levi alisonya. Hata kitambaa cheusi kimemshinda.

Hakuhitaji kuuliza kumetokea nini. Huko kwao watu wanajua kumnunia mtu akiwa hai. Sifa huziweka akiba mpaka siku moja tu.

Fardosa, mwuza vitambaa wa duka la jirani pale Matisi, mjini Kitale, alimwona amejiinamia juu ya vipuri vyake vya baiskeli.

"Kuna nini?"

"Wepukhulu wa Bungoma. Tulisoma pamoja."

"Pole sana. Mnazika lini?"

"Hawajasema."

"Ati hawajasema?" Fardosa alimkazia macho. "Nyinyi mnaokaa na maiti wiki mbili mkipanga mahema? Hata kamati hakuna?"

"Wanafiki hawana haraka," Levi akajibu, akarudia simu.

Wanafiki kweli. Miaka miwili iliyopita Wepukhulu, mwalimu wa kwaya, alisimama mbele ya kanisa kuanzisha wimbo, sauti ikagoma, akaanza kulia kwa kwikwi. Daktari baadaye alisema ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Lakini daktari alikuja baada ya video. Ilizunguka kila grupu la Bungoma kabla ya chakula cha mchana, na hawa hawa wa leo ndio waliomwaga vikatuni vya kucheka. Tangu hapo Wepukhulu alijifungia nyumbani, kwaya akaiacha.

Aliyeichukua hiyo video alikuwa Levi.

Aliwaambia watu kwamba amehamia Kitale kwa sababu ya biashara. Uongo mtupu. Alikimbia uso wa rafiki yake, na neno moja la samahani likamkaa kooni miaka miwili. Kila wikendi alisema ataenda Bungoma, kila wikendi akapata sababu ya kutoenda. Sasa amebaki na nani wa kumwomba? Aliwadharau wote ishirini na watatu, kisha akajidharau yeye zaidi, kwa maana wao walicheka tu, yeye ndiye aliyewachekesha.

Alifungua ukurasa wa Wepukhulu akaandika huku herufi zikimchezea machoni. "Ndugu yangu, ile video ni mimi niliichukua. Nilikuonea wivu tangu tukiwa shule, na nilipokuona umeanguka nilifurahi. Nimeishi na aibu hiyo. Nisamehe huko uliko. Lala salama, tutaonana kwa Mungu."

Akaituma. Kila mtu ataisoma, na wasome. Alijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, na Fardosa, kwa heshima, akageuka akajifanya anapanga vitenge.

Nusu saa baadaye simu ikalia, ujumbe umeingia. Levi aliusoma mara moja, akakaa chini sakafuni.

"Nilijua ni wewe, Levi, na nimekusamehe," Wepukhulu alikuwa amejibu. "Sellah aliwaomba watu waniandikie ili nipate nguvu ya kutoka nje, lakini wewe peke yako ndiye umeandika ukweli. Sasa njoo Bungoma, bana, hawa watu wamesoma hiyo 'lala salama' yako na wanaingia kwa boma wakilia, uwaambie sijafa."