Pindo la Kulia

Bwana wa serikali alipomvisha kitenge cha heshima, akakipishanisha kifuani, na kumkabidhi sarafu ya kumbukumbu yenye sura yake, Bi Mwajabu, bingwa wa judo wa zamani, hakutabasamu. Aliigeuzageuza ile sarafu. Alikuwa amechongwa akimbwaga mpinzani, ila koti lake lilifungwa pindo la kulia juu ya la kushoto. Mwalimu wake wa judo aliwakataza wanafunzi katakata kuvaa hivyo. Kwao Japani, alisema, ndivyo anavyovikwa maiti.

"Nani kawaambia mnichonge hivi?"

"Fundi tu, mama. Kwani kakosea?"

"Na mbona mmekuja mbiombio? Mmesikia naumwa?"

Bwana yule akacheka huku akimkwepa macho.

Bi Mwajabu akainama, akakitazama kitenge alichovishwa. Pindo la kulia ndilo lililokuwa juu.