Kidani cha Pili

Miaka minne Tausi alisaga na kuchoma madini adimu, akitafuta unga utakaong'aa ukikaribiwa na mionzi, na miaka minne akaambulia vumbi tu. Leo, alipouinamia kwenye chumba cha giza, unga ukawaka kijani.

"Mungu si Athumani!" akapiga kelele. "Mbaruku, jiwe la mionzi umeliweka wapi?"

"Sijalileta, dada," mwenzake akajibu nje ya mlango. "Bado limo sandukuni, kule ghalani."

Tausi akarudi nyuma, unga ukafifia. Akavua kidani chake, akakisogeza, unga ukawaka tena. Mumewe, muuza vyuma chakavu, alikuwa ameokota kipande kinachometameta, akakichonga vidani viwili.

Asubuhi ile Tausi alimwacha mwanawe mkekani, amekitia cha pili mdomoni, akikinyonya.